Birika Lililonuna na Mlima wa Mashuka

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba, Shangazi anatundika aproni yake kwenye msumari wa nyuma ya mlango na kutuaga. Ameitumikia hospitali yetu miaka thelathini na mmoja, yote katika chumba cha kufulia, kule chini ambako wengi wenu hamjawahi kufika ingawa mashuka yenu yote yamefika. Aliingia akiwa mkunjaji wa foronya, anaondoka akiwa msimamizi wa meza ya kukunjia. Wauguzi wanamwita Shangazi, madaktari wanamwita Shangazi, na kuna mgonjwa mmoja aliyepotea njia akitafuta maabara ambaye naye alimwita Shangazi kabla hajaambiwa. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi wetu tulilisoma kwa mara ya kwanza kwenye barua ya kustaafu, tukabaki tukiulizana huyo ni nani na anafanya kazi idara gani.

Kuandika wasifu huu nimepewa mimi, mpiga pasi, kwa sababu mashine yangu imetazamana na meza yake. Sababu ya pili haikusemwa lakini naijua: mimi ni mdaku. Mama yangu hupenda kusimulia kwamba nilipozaliwa, kabla hata ya kulia, nilimtazama mkunga kama ninayetaka kumuuliza ametokea wapi. Tabia ni ngozi, haivuliki. Na kwa Shangazi udaku wangu ulipata ajira ya kudumu, kwa kuwa kuna jambo moja juu yake lililonikaa rohoni miaka nenda miaka rudi. Mtu mzima, mwenye binti aliyeolewa, mwenye meza nzima ya watu wanaosubiri neno lake, kwa nini asome hadithi za birika linalonuna? Na kwa nini azisome katika juma ambalo hatuna hata nafasi ya kujikuna?

Juma hilo tunaliita juma la mlima. Siku za kawaida wodi hutuletea mashuka yaliyotumika, nasi tunafua, tunakausha, tunapiga pasi, tunakunja na kurudisha. Lakini mara moja kila mwezi wodi zote hubadilisha kila kitu kwa mpigo: mashuka, foronya, mablanketi, mapazia ya kutenganisha vitanda, majoho ya chumba cha upasuaji, hata vitambaa vya meza ya mapokezi ambavyo sijui vinachafuliwa na nani. Vitoroli vinashuka vimefuatana kama siafu. Kabla Jumatatu haijafika mchana, rundo huwa limeziba madirisha, na mtu akiwa upande wa pili humwoni, unamsikia tu akikohoa. Juma hilo watu hawasalimiani vizuri. Fundi boila, anayetuchemshia maji na mvuke, hajibu mpaka aulizwe mara tatu. Mimi mwenyewe, mpole nilivyo, niliwahi kugombana na foronya.

Shangazi alipoanza kazi, mlima ulikuwa na shida nyingine kubwa zaidi. Mashuka yalirudi wodi zisizo zao, na wodi zikawa zikishikana mashati juu ya nani kamwibia nani. Ni yeye aliyeanza kushona uzi wa rangi kwenye pembe ya kila shuka: wa kijani kwa wodi ya watoto, wa bluu kwa wazazi, wa njano kwa wodi ya macho. Alianza kwa sindano yake mwenyewe, wakati wa mapumziko, bila kumwomba mtu ruhusa. Wodi zilipogundua kwamba zimeacha kugombana, ruhusa ikaja yenyewe, imechelewa na inahema. Leo ukilala hospitali hii na kupapasa pembe ya shuka lako, utaugusa uzi huo, umevimba kidogo chini ya kidole.

Jambo lake la pili ni rafu ya vilivyosahaulika. Mashuka hayashuki peke yake. Yanashuka na miwani, vitana, saa, meno ya bandia, na mara moja kiatu kimoja cha mtoto kilichotufanya tuwe na huzuni mpaka mwenyewe alipokuja kukichukua akiwa amevaa kile kingine. Kabla ya Shangazi, vitu hivi vilifuliwa pamoja na mashuka, na kilichosalimika kilikuwa bahati yake. Yeye alijitwika kupokea na kukung'uta kila shuka kabla halijafuliwa, akapiga ubao ukutani, akasema kila kitu kikae pale, na kila jioni alipanda ngazi kukirudisha wodini kwa mkono wake. Asiyepatikana mwenyewe, kitu chake kilingoja.

Hivyo ndivyo kitabu cha kwanza kilivyotufikia. Kilishuka ndani ya shuka la uzi wa bluu, katika juma la mlima, siku ambayo mashine kubwa ya kukaushia iligoma na sote tulikuwa tumevimba mashavu. Shangazi alikipandisha wodi ya wazazi, akaambiwa mwenye kitanda kile ameshakwenda zake nyumbani na mtoto wake, wote wazima, na hakuna anayejua kama kitabu kilikuwa chake. Akarudi nacho. Alipokifungua kutafuta jina la mwenyewe hakuliona, akaona sentensi ya kwanza. Palikuwa na mjane aliyerithi kibanda cha chai, na asubuhi ya kwanza birika lilikataa kuchemka kwa sababu aliingia bila kulisalimia.

Shangazi akacheka. Sasa, watu wenye mlima mbele yao hawapendi mtu anayecheka peke yake. Wakamtaka aseme kinachochekesha. Akasema hawezi kukieleza, labda awasomee. Aligeuza kapu tupu juu chini karibu na dirisha, akaketi, akasoma. Wengine walikuwa wamesimama na mashuka mikononi, na mikono ina akili zake, ikaendelea na kazi. Sura ilipokwisha, meza ilikuwa imejaa marobota na hakuna aliyekumbuka kuyakunja.

Kwa asiyejua kazi yetu, shuka hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnalinyoosha, mnasogeleana, pembe zinakutana, mnaachana tena. Macho hayana kazi kubwa na masikio hayana kazi kabisa. Shangazi aliposoma, wakunjaji walianza kumfuata bila kuambizana: akifika kwenye nukta, pembe zinakutana. Sentensi fupi zilikwenda na foronya, ndefu na mablanketi. Mlima uliokuwa ukitufikisha Jumamosi ukaanza kwisha Jumatano, na huko juu kwenye ofisi walidhani tumeletewa mashine mpya.

Aliyeumia kidogo ni Dada Taratibu, mwenzake wa kukunja tangu zamani. Tunamwita hivyo kwa sababu maneno humkwama, naye hayalazimishi, anayangoja yatoke kwa wakati wake. Shangazi akisoma, Dada Taratibu alibaki bila wa kumshikia pembe za upande wa pili. Akapigilia misumari miwili kwenye ukingo wa meza, akawa anaitundikia pembe na kukunja peke yake, akitabasamu. Nilimuuliza kama hachoki. Alisema msumari ni mwenzake mzuri, hauongei wakati wa hadithi.

Vitabu vingine vilifuata. Vichache vilishuka na mashuka, vingi Shangazi alivinunua mwenyewe kwa muuza vitabu vya mitumba wa karibu na kituo cha basi. Vyote alivivika karatasi ya kaki ili mvuke usivile kurasa, kwa hiyo vyote vilifanana sare. Palikuwa na fundi cherehani aliyeshona mifuko ambamo vitu vilivyopotea hurudi vyenyewe. Palikuwa na posta ambayo barua zake hulalamika zikiandikwa kwa haraka. Fundi boila aliposikia neno uchawi kwa mara ya kwanza, alisogeza kiti chake hadi mlangoni, akasema yeye ana watoto nyumbani na hataki mambo hayo. Shangazi akamwambia atulie, huu si uchawi wa kurogana, huu ni wa kufanyiana wema. Katika hadithi zile hakuna aliyeuawa. Mchawi mbaya akitokea, huwa ana mafua, na akipewa kitu cha moto anywe anakuwa mtu wa maana. Baada ya majuma machache kiti cha fundi boila kilikuwa mbele kuliko vyote.

Sheria ilikuwa moja: sura moja kwa siku, basi. Sura ikiisha, kitabu kinarudi kwenye rafu ya vilivyosahaulika, na hakiguswi mpaka kesho. Fundi boila aliwahi kumbembeleza asome nyingine, birika lilikuwa limeachwa kwenye mvua na yeye hatalala. Shangazi akamuuliza, "Ukimaliza chakula chote leo, kesho utalamba sufuria?" Alinuna kuliko birika, lakini kesho yake alikuwa wa kwanza kufika kazini.

Lazima nitaje koti. Afisa utawala wa wakati ule, ambaye sasa naye amestaafu na ameturuhusu tumcheke, alisikia kwamba chumba cha kufulia kimekuwa kimya katika juma la mlima. Kwake yeye ukimya ulikuwa na maana moja tu, kwamba watu wamelala. Akashuka atufume. Akakuta watu wanafanya kazi kama wanacheza ngoma, na mama mmoja juu ya kapu anasoma. Akasema ataangalia kidogo kama utaratibu unafuatwa. Joto la mvuke likamzidi, akavua koti, akaliweka mezani, akasimama kuangalia utaratibu mpaka sura ikaisha. Kugeuka, koti halipo. Mikono ilikuwa imelikunja mara nne, pembe kwa pembe, na kulifunga ndani ya robota la mashuka, na robota lilikuwa limeshapanda wodini. Funguo za ofisi zilikuwa mfukoni. Muuguzi mmoja alilipata siku ya pili alipokuwa akitandika kitanda, akashangaa shuka gani hili lina vifungo. Afisa alishuka tena kesho yake, tukajua tumekwisha. Hakuuliza koti. Aliuliza kama birika lilichemka.

Kwa hiyo mnaona swali langu halikuwa la kijinga. Nilikuwa nikilirudia kila mwaka, nikitafuta mlango mpya wa kuingilia. Kwa nini hadithi nyepesi hivi? Na kwa nini juma la mlima tu? Majuma mengine alikunja kama sisi na hakufungua kitabu. Mwaka mmoja alinijibu kwamba majuma mengine yana umbea wa kutosha. Mwaka mwingine alisema daktari amemwandikia. Mwaka mwingine akanipa blanketi upande mmoja, akasema, "Shika pembe, mwanangu, majibu yana siku yake." Nikashika. Lakini sikuacha kumtazama, na mwaka huu nilianza kuona mambo.

Kwanza, alirudia birika. Rafu ilikuwa na kitabu kipya, habari za fundi miavuli ambaye miavuli yake inakumbuka kila mvua iliyowahi kuinyeshea, na sote tulikuwa na hamu nacho. Shangazi akasema ya kale ni dhahabu, tuanze tena na mjane wa chai. Hakuna aliyelalamika. Likapita juma la mlima, likaja jingine, na lile jingine, naye akarudia fundi cherehani, kisha posta, kisha birika tena. Miavuli ikabaki rafuni.

Pili, kurasa. Alikuwa anaweza kusoma muda mrefu bila kufungua ukurasa, halafu akafungua tatu pamoja. Tatu, asubuhi moja alilikaribisha joho la upasuaji lililotundikwa mlangoni. "Karibu daktari," alisema, "mashuka yako tayari." Watu walicheka mpaka wakakaa chini, naye akacheka pamoja nao. Mimi nilicheka pia, kisha nikaacha, kwa sababu nilimwona akilisogelea joho lile na kuligusa mkono.

Mwezi uliopita, siku ya kwanza ya mlima, alisoma sura ya birika kwenye mvua, tamu kuliko siku zote. Alipomaliza niliomba nimrudishie kitabu rafuni, maana nilikuwa karibu. Njiani udaku ukanishinda, nikakifungua nione ya kesho. Hapakuwa na birika. Hapakuwa na mjane wala kibanda cha chai. Nilichokuwa nimeshika ni kile kitabu kipya cha miavuli, hakijawahi kusomwa, kurasa bado zimeshikana. Alikuwa amefungua kitabu kimoja na kutusomea kingine, neno kwa neno, kutoka kichwani.

Nilimkuta kwenye benchi la nyuma, kando ya kamba za kuanikia. Nikakaa. Nikamwambia, "Shangazi, leo birika limechemka ndani ya mwavuli."

"Umekifungua," alisema.

"Nimekifungua."

"Nilijua atakuwa wewe." Kisha akacheka ule mcheko wake wa siku zote. Yanayofuata ameniruhusu niyaandike, kwa sharti kwamba nisiyatie chumvi.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Kuona naona," alisema. "Naona kuna mtu, naona kuna shuka. Herufi ndizo zimenikimbia." Daktari wa macho wa hapa hapa kwetu alishamwita mara mbili afanyiwe upasuaji, na mara mbili aliomba asogezewe tarehe mbele, mlima upite kwanza. Sasa tarehe imewekwa, na ni Jumanne baada ya kustaafu. Lakini daktari ni mkweli. Amemwambia mtoto wa jicho atamwondoa, ila nyuma yake jicho lina ugonjwa mwingine wa muda mrefu, na hawezi kujua limebakiza nguvu kiasi gani mpaka pazia liondolewe. Huenda atasoma tena. Huenda hatasoma. Hakumwahidi.

Nilidhani anaogopa kisu. Akasema kisu hakiogopi, anaogopa nyumba. Binti yake anaishi mbali na hupiga simu Jumapili. Na chini ya kitanda chake, Shangazi ana sanduku. Kila alipokwenda kwa yule muuza vitabu alinunua viwili: kimoja cha kutusomea, kimoja cha kuweka. Hivyo vya kuweka hajawahi kufungua hata kimoja. "Wenzangu wamejiwekea akiba ya uzeeni kwa kufuga na kujenga," alisema. "Mimi nimejiwekea hadithi. Sanduku limejaa. Nimefika uzeeni na ufunguo umenipotea."

Hapo tena sikuweza kuuliza lile swali langu. Akalijibu mwenyewe, bila kuulizwa, baada ya miaka yote hiyo.

"Wewe unapiga pasi, shuka likifika kwako ni jeupe," alisema. "Mimi nilikuwa nalipokea linavyoshuka. Kila shuka lina habari yake, na juma la mlima habari zinashuka zote pamoja. Lina mtu aliyepona na lina mtu ambaye hakupona. Mikono inajua, hata ukinyamaza. Sasa mtu mwenye habari zote hizo mikononi, umsomee za huzuni tena? Nilitaka mahali ambapo shida kubwa kuliko zote ni birika lililonuna. Na najua litachemka. Mtu akijua kwamba mahali fulani kuna kitu hakika kitachemka, anaweza kukunja."

Nikaona haya kidogo, maana nilikuwa nimetafuta jibu la ajabu. Nilirudi kwenye mashine yangu na siku ile nililikodolea macho kila shuka lililopita, ingawa yalikuwa meupe yote.

Kamati ya zawadi ilikutana juma lililofuata. Mmoja alitaka saa ya ukutani. Mwingine akapendekeza blanketi zuri la kitanda, fundi boila akamuuliza kama ana akili timamu, mtu amekunja mablanketi miaka thelathini na mmoja wewe unampa blanketi akalikunje nyumbani. Nikawaeleza habari ya sanduku. Aliyejibu ni Dada Taratibu, ambaye kwenye vikao huwa hafungui kinywa. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemmalizia sentensi. Alisema Shangazi amewasomea watu maisha yake yote ya kazi, na yeye mwenyewe hajawahi hata siku moja kusomewa.

Hatukuhitaji kupiga kura.

Juzi Jumatano ilikuwa siku ya mwisho ya mlima wake wa mwisho. Wakati wa hadithi ulipofika, Shangazi akanyoosha mkono kupokea kitabu. Hakupewa. Fundi boila alimshika kiwiko, akamwongoza hadi kwenye meza, mahali pake pa zamani, akamwekea pembe mbili za shuka mikononi. Upande wa pili nilisimama mimi. Dada Taratibu alikwenda dirishani, akaketi juu ya kapu, akafungua kitabu cha miavuli na kuzitenganisha zile kurasa zilizoshikana.

Alisoma sura ya kwanza. Aliyemzoea Shangazi angesema ilikwenda polepole. Maneno mengine yalisimama mlangoni kabla ya kuingia, na sisi tulisimama nayo, pembe mkononi, tukingoja. Nukta zilichelewa, kwa hiyo pembe zilichelewa kukutana, na mashuka yakakaa angani muda mrefu kuliko kawaida. Hakuna aliyeharakisha. Kwenye neno "mwavuli" alikwama mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu lilipokuja lilikuja lenyewe, na baada ya hapo halikumsumbua tena. Fundi miavuli alipofungua mwavuli wa mteja wake wa kwanza na mvua ya zamani ikaanza kunong'ona ndani, Shangazi alisahau kunisogelea. Alisimama ameshika pembe zake kifuani, kinywa wazi kidogo, anasikiliza. Machozi yalimtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nami yalinitoka, wala sikuyafuta, na sababu yangu ilikuwa ile ile.

Sura ikaisha pale fundi anapokuta katika kibanda chake mwavuli ambao hakumbuki kuushona. Dada Taratibu akafunga kitabu.

"Endelea kidogo," Shangazi akasema.

Chumba kizima kikamtazama. Fundi boila, ambaye alikuwa ameingojea siku hii tangu lilipoachwa birika kwenye mvua, akamuuliza kwa adabu zote kama akimaliza chakula chote leo, kesho atalamba sufuria. Shangazi alicheka mpaka akaacha shuka, na hilo shuka ndilo pekee lililorudi kufuliwa siku hiyo.

Sasa mnajua tunachomzawadia. Kitabu cha miavuli kitapanda ngazi, kama yeye alivyopandisha miwani na meno ya watu. Jumanne, macho yakiwa yamefungwa bandeji, mmoja wetu atakuwa kando ya kitanda chake katika wodi ya macho kumsomea sura ya pili, na kesho yake mwingine, mpaka mwisho. Kikiisha, tutakwenda nyumbani kwake kufungua lile sanduku, tuanze na kitabu cha juu kabisa. Hata afisa utawala wa zamani amepiga simu kuomba siku yake, na ameahidi kuja bila koti. Ikiwa daktari ataondoa pazia na herufi zikarudi, Shangazi atatupokonya kitabu, nasi tutafurahi kupokonywa. Zisiporudi, sanduku ni kubwa, na sisi tuko wengi.

Kwa niaba ya chumba cha kufulia na ya kila mtu aliyewahi kulala kwenye shuka lililonyooka bila kujua ni la nani, tunakushukuru, Shangazi. Tunakushukuru kwa uzi, kwa rafu, na kwa kila birika. Ukilazwa Jumanne, papasa pembe ya shuka lako. Utaukuta uzi, ni wa njano, uliushona mwenyewe, na pasi nimeipiga mimi. Tunakuombea majuma yasiyo na mlima na asubuhi zenye mtu wa kukusomea. Ya fundi miavuli hatujui yanaishaje, hakuna kati yetu aliyefungua mbele, hata mimi. Tutayajua pamoja nawe, sura moja kwa siku, na ukiomba ya pili hupewi.